Asilimia ya mafuta mwilini: kikaratasi cha mtaani kinasema 26.6, jimu wanasema 21.8. Nishike ipi?

#1 Mkazi_wa_Ipagala
Wakuu, salaam. Karibu na Nyerere Square hapa Dodoma kuna kijana ana ile mashine ya kupima urefu na uzito inayotoa kikaratasi. Nimepima mchana: urefu sm 170, uzito kilo 82, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 28.4, mafuta 26.6%. Jioni ya siku hiyo hiyo nikapita jimu ninakofanyia mazoezi, wana mizani ya kukanyaga peku, ikaniandikia mafuta 21.8%. Mtu ni yule yule, siku ni ile ile, pointi karibu 5 zimekwenda wapi? Jimu wananiambia niko vizuri, kikaratasi kinasema nimezidi. Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa kule Mji wa Serikali, Mtumba, na presha ipo kwenye ukoo wetu, ndiyo maana silali na hii namba. Hii asilimia inapimwaje hasa?

#2 Siti_ya_Mbele
Ngoja waje wataalamu. Nimeshakaa.

#3 Kocha_AreaD
Mleta mada, katika hizo mashine mbili hakuna iliyoyaona mafuta yako. Mizani ya peku inapitisha umeme mdogo sana, hata huusikii, unaingia mguu mmoja unatokea mwingine. Misuli ina maji mengi yenye chumvi, kwa hiyo umeme unapita kirahisi. Mafuta yana maji kidogo, yanauzuia. Mashine inachopima ni ule ugumu wa njia tu. Kutoka hapo inakisia una maji kiasi gani, kwa kuwa karibu 73% ya mwili usio mafuta ni maji, inakisia misuli na mifupa, halafu kinachobaki kwenye uzito wako inakiita mafuta. Ni makisio yaliyopandana. Na umeme wenyewe umezunguka miguuni na chini ya kiuno, juu ya kitambi haukufika. Ulikuwa umetoka kufanya mazoezi, au umekunywa maji mengi?

#4 Mzee_wa_Makole
Zamani hatukuwa na mizani za umeme. Mtu akivua shati kila mtu anajua.

#5 Hesabu_Chimwaga
Mzee shikamoo. Kuvua shati kunaonyesha ya nje, ya ndani hakuonyeshi, tutafika huko.

Mleta mada, swali moja kabla sijasema kitu: yule kijana alikuuliza umri?

#6 Mkazi_wa_Ipagala
Aliuliza. Akabonyeza kitu, ndipo kikaratasi kikatoka. Kocha, nilipima kabla ya mazoezi, na maji nilikunywa ya kawaida.

#7 Hesabu_Chimwaga
Basi nimeshajua. Mashine ile haijapima mafuta kabisa, imepiga hesabu. Kuna kanuni ya Deurenberg na wenzake wa Uholanzi, ya mwaka 1991, kwa watu wazima: BMI mara 1.2, jumlisha umri mara 0.23, kama ni mwanaume toa 10.8, mwisho toa 5.4 kwa wote.

Yako: 28.37 × 1.2 = 34.05. Umri 38 × 0.23 = 8.74. Jumla 42.79. Toa 10.8, toa 5.4, inabaki 26.59. Kikaratasi kimekuandikia 26.6.

Maana yake ni hii: mbeba magunia wa soko la Majengo mwenye sm 170, kilo 82 na miaka 38, kifua kama ukuta, akipanda pale anapewa 26.6 hiyo hiyo. Mashine imekujua urefu, uzito, umri na jinsia, basi.

#8 Bibie_Kisasa
Kwa hiyo watu tunalipa kupigiwa hesabu ambayo simu ingefanya 😳

#9 Siti_ya_Mbele
Unalipia uzito na urefu dada. Mafuta ni nyongeza.

#10 Kocha_AreaD
Hesabu kanyoosha upande wa kikaratasi. Upande wa jimu mimi nasema ni maji. Hapa Dodoma hewa kavu, upepo, jua kali, mtu anakauka bila kujua kwa sababu jasho linakauka kabla halijatiririka. Mwili ukipungukiwa maji mizani ya umeme inayumba. Ndiyo maana wateja wangu nawapima asubuhi, hawajala, wameshakwenda chooni, hawajagusa chuma. Na mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani asikanyage kabisa.

#11 Hesabu_Chimwaga
Kocha, hapo panagoma. Mwili ukikauka umeme unapita kwa shida, mashine inadhani una maji machache, inapunguza misuli, inaongeza mafuta. Yaani jua la Dodoma lingempandisha. Yeye kashuka mpaka 21.8.

#12 Kocha_AreaD
Kweli lingempandisha. Lakini mizani nyingi zina kitufe cha "mwanamichezo". Ukikiwasha kanuni ya ndani inabadilika, namba inashuka palepale. Jimu nyingi wanakiacha kimewashwa siku zote, awe mpiga chuma wa miaka mingi au aliyejiandikisha wiki hii. Na jamaa mwenyewe huenda miguu yake imejaa misuli na tumbo ndilo lina shida, mizani ikasoma miguu.

#13 Mkazi_wa_Ipagala
Miguu ninayo, nilikuwa nacheza mpira. Hicho kitufe nitauliza.

#14 Hesabu_Chimwaga
Kuna njia ya futi ambayo haitaki umeme. Jeshi la Majini la Marekani waliitengeneza mwaka 1984, Hodgdon na Beckett. Mwanaume anapima tumbo usawa wa kitovu, shingo na urefu. Mwanamke anaongeza nyonga. Inatumia logi, kwa hiyo laza simu ubavu ili kikokotoo kitoe vitufe vya sayansi.

Mwanaume, kwa sentimita: 495 ÷ (1.0324 − 0.19077 × logi ya (tumbo − shingo) + 0.15456 × logi ya urefu), ukipata toa 450.
Mwanamke: 495 ÷ (1.29579 − 0.35004 × logi ya (kiuno + nyonga − shingo) + 0.221 × logi ya urefu), toa 450.

Mleta mada leta vipimo.

#15 Mkazi_wa_Ipagala
Shingo sm 39, nimepima na futi ya mke wangu. Kiuno ni inchi 36, ndiyo suruali ninazovaa.

#16 Fundi_Majengo
Hapo kwenye suruali niingie, maana ndiko ninakokula mimi.

Ndugu yangu, saizi ya suruali si kiuno. Mwanaume akianza kitambi hanunui suruali kubwa, anaishusha. Mkanda unahamia chini ya tumbo, unakaa juu ya mfupa wa nyonga, na pale mwili haunenepi haraka. Kwa hiyo anabaki 36 miaka yote na anajisifu, huku tumbo limevuka mkanda. Mimi mteja akinitajia saizi yake namwambia asante, halafu natoa futi. Tena za mtumba ndiyo usiseme, unakuta kibandiko 34, ukiilaza mezani ukapima inakupa 36 kamili.

Kupima: simama, miguu sawa, shati juu. Zungusha futi usawa wa kitovu, nyuma isipande wala isishuke, hapo ndipo wengi wanapoharibu, mwambie mwenzako aangalie mgongoni. Toa pumzi ya kawaida, usivute tumbo. Futi iguse ngozi isibane, kidole kimoja kisipite. Shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Soma mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

#17 Mzee_wa_Makole
Fundi umeniumbua. Yangu ni 38 tangu niko kazini.

#18 Mkazi_wa_Ipagala
Nimepima kama fundi alivyosema, mke kaangalia mgongoni. Sm 96. Shingo ile ile 39.

#19 Hesabu_Chimwaga
96 toa 39 ni 57. Ukimaliza hesabu unapata 25.0%.

Kuna nyingine rahisi zaidi, ya mwaka 2018, Woolcott na Bergman: kwa mwanaume 64 toa 20 mara (urefu ÷ kiuno), kwa mwanamke badala ya 64 weka 76. Haitaki hata mizani. Yako: 170 ÷ 96 = 1.77, mara 20 ni 35.4, 64 toa 35.4 ni 28.6%.

Sasa una 21.8, 25.0, 26.6 na 28.6. Kila kanuni ina pengo lake, ya futi peke yake pointi 3 mpaka 4 juu au chini ni kawaida.

Kitu kingine nimekiona. Nikirudisha inchi 36 zako, yaani sm 91.4, kanuni ya majini inatoa 21.8. Ile ile ya jimu.

#20 Bibie_Kisasa
Eeeh! Jimu walikuuliza kiuno?

#21 Mkazi_wa_Ipagala
Siku najiandikisha nilijaza fomu, kiuno kilikuwemo. Niliandika 36.

#22 Bibie_Kisasa
Basi kesi imekwisha. Mizani ni ya kupambia ukuta.

#23 Kocha_AreaD
Haijaisha. Mizani ya peku haina pa kuingizia kiuno, inataka urefu, umri na jinsia tu, uzito inaupima yenyewe. Namba mbili kukutana si ushahidi. Mimi bado nipo kwenye kile kitufe.

#24 Hesabu_Chimwaga
Sijasema wamedanganya. Nimesema zimekutana. Aende aangalie kwenye skrini.

#25 Nesi_Mpwapwa
Habari zenu. Fundi kaeleza vizuri, ila niongeze: kitovu ni kwa kanuni ya majini upande wa wanaume. Shirika la Afya Duniani linapima katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga. Tafuta ubavu wa chini kwa kidole, tafuta mfupa, gawanya katikati. Mwenye tumbo linaloning'inia kitovu kinashuka, ukikifuata unapima chini ya mahali panapotakiwa. Chagua sehemu moja na usihame.

Ninachotaka kusema hasa ni kwamba kwangu mimi swali la asilimia ngapi linakuja la pili. La kwanza ni yako wapi. Mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoyabana kwa vidole mapajani na makalioni, kwa sehemu kubwa ni akiba tu. Yale yaliyojaa ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo na kuingia kwenye ini, ndiyo yanayomwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda ini, insulini inaanza kudharauliwa, sukari inapanda, presha inafuata. Nawaona kliniki wanaume wembamba miguuni na mikononi, tumbo gumu kama ngoma, ukibana ngozi ya tumbo unapata kidogo tu. Huyo hata koleo la kubana ngozi wanalotumia makocha linamsoma mwembamba.

#26 Kocha_AreaD
Nesi hapo nakubali kwa uchungu, kwa sababu koleo ndilo ninaloliamini. Kwa mwanaume nabana sehemu tatu upande wa kulia: kifua, tumbo pembeni ya kitovu, paja mbele. Unainua ngozi na mafuta yake kwa dole gumba na cha shahada, unaitenga na msuli, unaweka koleo sentimita moja kutoka kwenye vidole, unahesabu sekunde mbili ndipo unasoma. Ukichelewa mafuta yanabonyea, namba inashuka. Kanuni ni ya Jackson na Pollock, 1978. Mkono ule ule, mtu yule yule, inaonyesha mabadiliko vizuri sana. Ila tumbo likikaza kweli halibaniki, na ya ndani koleo haliyafikii.

#27 Mzee_wa_Makole
Nauliza kwa nia njema. Kama BMI iko sawa, kuna haja gani ya haya yote? Mimi BMI yangu ni 23, daktari alinipongeza.

#28 Daktari_Mtarajiwa
Mzee shikamoo. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili marafiki wamesimama pamoja, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza. Wote BMI 22.3, haikupishana hata nukta. Walipopimwa kwa mashine ya miale, Yudkin ana mafuta 9.1%, Yajnik 21.2%. Zaidi ya mara mbili. BMI ni uzito kugawanya kwa urefu mara urefu, haijui kilo ni ya nini. Quetelet wa Ubelgiji aliibuni karne ya 19 akichunguza takwimu za watu wengi. Kumpima mtu mmoja kliniki hakukuwa kwenye mawazo yake.

Mzee, 23 ni nzuri. Ila 38 ya fundi inanipa wasiwasi zaidi.

#29 Mzee_wa_Makole
Marahaba. Nitamwita mjukuu aje na futi.

#30 Mkulima_Bahi
Mnajadili hesabu za Wamarekani na Waholanzi. Huku kwetu mtu anakula ugali wa uwele na mlenda, anatembea, analima majaruba, hana kitambi. Kitambi kimekuja na wahamiaji wa Mtumba na chipsi mayai zao. Hizo kanuni zinatuhusu kweli?

#31 Mkazi_wa_Ipagala
Mkuu sisi tumehamishwa na serikali, chipsi tumezikuta Dodoma 😂

#32 Daktari_Mtarajiwa
Swali la Mkulima ni zito, lisipite hivi hivi. Karibu kanuni zote za zamani mzizi wake ni kumpima mtu ndani ya maji, kazi aliyoianza Behnke wa Jeshi la Majini la Marekani, aliyechapisha mwaka 1942. Mafuta ni mepesi, kama alizeti ya Singida ikimwagwa kwenye maji inavyobaki juu, na misuli na mifupa inazama. Ukijua uzito wa mtu nje na ndani ya maji unapata ujazito wake, yaani gramu ngapi kwa kila sentimita ya ujazo. Siri mwaka 1961 akaweka kanuni: 495 gawanya kwa ujazito, toa 450. Alichukulia mafuta ni gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, na kila kisicho mafuta ni 1.1, kwa binadamu wote.

Mwaka 1984 Schutte na wenzake waliwapima wanaume weusi wa Marekani, wakakuta mwili usio mafuta ni mzito kuliko 1.1, mifupa ikiwa sababu mojawapo. Wakaleta kanuni yao: 437.4 gawanya kwa ujazito, toa 392.8. Chukua mtu mwenye ujazito wa 1.06. Kwa Siri ana 17.0%. Kwa Schutte ana 19.8%. Yaani kanuni ya kawaida huenda inatupunguzia.

#33 Hesabu_Chimwaga
Na ile ya majini imejengwa juu ya ujazito huo huo, ndiyo maana 495 na 450 zimo. Kwa hiyo 25.0 ya mleta mada inaweza kuwa karibu 27. Ila mweusi wa Marekani si Mgogo wa Bahi, chakula tofauti, kazi tofauti. Hapo mimi sihami wala sikubali.

#34 Mkulima_Bahi
Basi mtupime sisi wenyewe ndipo mtuambie.

#35 Nesi_Mpwapwa
Mkulima, nakuheshimu, lakini usiwaaminishe watu kijijini hakuna kisukari. Wanakuja kutoka vijijini, wengine wameshachelewa. Bodaboda imeondoa mwendo, na mafuta ya kupikia yanamiminwa kwenye sufuria siku hizi bila kipimo.

#36 Mama_Ntyuka
Kwa anayetaka kuyatoa: maji ya moto na ndimu asubuhi, mafuta yanayeyuka yanatoka kwa mkojo. Jirani yangu kapungua vizuri tu. Na mkanda wa tumbo usiku.

#37 Kocha_AreaD
Mama yangu, ndimu kunywa, haina ubaya, lakini haiyeyushi mafuta. Mkanda unayabana, ukiuvua yanarudi mahali pake. Mafuta yakichomwa yanakuwa hewa ya ukaa na maji. Meerman na Brown walipiga hesabu hiyo mwaka 2014: katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi, kilo 1.6 tu ndiyo maji. Mtu anayapumua. Jirani atakuwa ameacha chai ya maziwa na maandazi alipoanza ndimu.

#38 Mama_Ntyuka
Maandazi aliacha, ni kweli. Lakini ndimu nayo imo.

#39 Bibie_Kisasa
Naomba na mimi nihesabiwe. Miaka 34, urefu 165, kilo 74, kiuno 84, nyonga 108, shingo 33.

#40 Hesabu_Chimwaga
Kanuni ya majini: 84 + 108 − 33 = 159, jibu 37.6%. Ya 2018: 76 toa 20 × (165 ÷ 84) = 36.7%. Ya Deurenberg: 35.0%.

#41 Bibie_Kisasa
37?! Mleta mada mwenye kitambi ana 25 na mimi 37? Nimekasirika.

#42 Nesi_Mpwapwa
Dada, usijilinganishe na mwanaume, mizani zenu ni mbili. Mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo ni 2 mpaka 5% kwa mwanaume na 10 mpaka 13% kwa mwanamke. Mwanamke akishuka sana hedhi inakatika. Jedwali linalotumika sana, la ACE, baraza la mazoezi la Marekani, linaweka wastani unaokubalika 18 mpaka 24 kwa wanaume na 25 mpaka 31 kwa wanawake. Kwa hiyo umezidi, lakini si kwa pointi kumi na mbili kama unavyoona.

Halafu angalia nyonga 108 na kiuno 84. Yako mengi yako nyonga na mapaja, oestrojeni ndiyo inayoyaweka huko, na huko hayana fujo sana. Hedhi ikikoma mama anaanza kuyaona yanahamia tumboni, hapo ndipo nataka apime kila mwezi. Kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako kidogo tu, nusu ya 165 ni 82.5. Anzia hapo.

#43 Bibie_Kisasa
Asante nesi. Na tatizo jingine, nikipungua mama mkwe anauliza kama naumwa. Mwaka jana nilipungua kidogo, ukoo mzima wa Kongwa ukapiga simu kumuuliza mume wangu ananilisha nini.

#44 Siti_ya_Mbele
Na aliwajibu nini?

#45 Bibie_Kisasa
Alinunua mbuzi.

#46 Dada_Nkuhungu
Wengine tunatafuta kunenepa jamani, mnatusahau. Rafiki yangu anameza deksa za duka la dawa, mashavu yamejaa, anapendeza. Hizo zinaongeza mafuta au nyama?

#47 Duka_la_Dawa
Dada, mwambie leo. Deksamethasoni ni dawa ya kupunguza uvimbe na mzio mkali, ya cheti cha daktari, si ya kunenepesha. Mashavu yale ni maji na mafuta yaliyohamishwa: yanakwenda usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na mapaja inaliwa. Akipima kwenye mizani anaona kilo zimepanda, kumbe misuli inapungua. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika. Na asiziache ghafla kama amezimeza kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala na anaweza kuanguka. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu. Muuzaji anayempa bila cheti anamuua polepole, nasema nikiwa ndani ya kazi hii hii.

#48 Dada_Nkuhungu
Nimemtumia picha ya bandiko lako. Asante sana.

#49 Mkazi_wa_Ipagala
Nimetoka jimu. Kitufe cha mwanamichezo kilikuwa kimewashwa. Kikazimwa, nikapanda tena: 25.9.

#50 Kocha_AreaD
🙌 Nilisema.

#51 Hesabu_Chimwaga
Sawa, ila 25.9 ya leo umekula, umekunywa, saa tofauti. Sehemu ya tofauti ni kitufe, sehemu ni siku. Kupanda mara moja hakutoshi kuamua.

#52 Daktari_Mtarajiwa
Na hata ungepanda mara mia, 25.9 ni ya kanuni ya kampuni iliyotengeneza mizani, na kanuni hiyo wanaificha. Mleta mada, urefu wako 170, kiuno 96. Uingereza tangu 2022 mwongozo wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya afya, unasema kiuno kisifike nusu ya urefu, wewe nusu yako ni 85. Hiyo haihitaji umeme.

#53 Mzee_wa_Makole
Mjukuu kapima. Sm 101, urefu 168. Nimesoma mahali kikomo cha mwanaume ni 102, kwa hiyo nimo ndani.

#54 Nesi_Mpwapwa
Shikamoo mzee. 102 ni mstari wa pili wa Shirika la Afya, wa hatari kubwa. Mstari wa kwanza ni 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwa sisi wa kusini mwa Sahara linatumia 94 na 80 hizo hizo. Ni za kuazima, wamechukua za Wazungu mpaka tupate zetu, Mkulima kasema kweli hapo. Njoo kliniki ya karibu upimwe presha na sukari kabla hujala, wiki hii mzee, usingoje mwezi ujao.

#55 Mzee_wa_Makole
Marahaba. Nitakwenda.

#56 Binti_Kondoa
Baba yangu kastaafu, yuko Kondoa. Uzito wake haujabadilika miaka mingi, kilo ni zile zile, lakini mikono imekuwa myembamba na tumbo limetokeza. Anasema kwa kuwa kilo hazijaongezeka hana tatizo. Anataka kuanza kuruka chakula cha usiku tumbo lishuke.

#57 Daktari_Mtarajiwa
Kilo zile zile si mwili ule ule. Umri ukienda misuli inapungua, mafuta yanachukua nafasi yake, mizani haioni. Ndiyo maana Deurenberg aliuweka umri ndani ya kanuni. Mwambie akae kwenye kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka awezavyo. Ikizidi sekunde 15, misuli imedhoofika.

#58 Nesi_Mpwapwa
Na chakula asiruke. Akikata chakula bila kufanya kazi ya nguvu atapoteza misuli iliyobaki pamoja na mafuta. Apunguze ugali na mafuta ya kupikia, aongeze maharage, kunde, mayai, maziwa ya mgando, kuku akipatikana.

#59 Kocha_AreaD
Mimi ningemwacha ale usiku mapema na kidogo, sioni ubaya. Ila kazi ya nguvu lazima. Aanze na hicho hicho kiti, asimame na kukaa mara kumi, apumzike, arudie, kila siku mbili. Halafu ndoo ya maji, nusu kwanza, mkono huu na huu.

#60 Binti_Kondoa
Goti la kulia linamsumbua. Kiti ataweza?

#61 Kocha_AreaD
Weka mto mnene au godoro dogo juu ya kiti, kiwe kirefu, goti lisikunjwe sana. Asimame karibu na meza ashike. Likiuma hata hivyo asilazimishe, alionyeshe hospitali kwanza. Na umpime kiuno kabla hajaanza, uandike na tarehe.